Daktari wa Rutherford na Maneno ya Wagonjwa Wake

Hotuba kwa madaktari watarajali

Walimu wangu mliokaa safu ya mbele, shikamooni. Wauguzi, wakunga, ndugu zetu wa maabara na famasia, poleni na kazi. Nanyi wanangu watarajali, najua wengine mmetoka zamu saa moja iliyopita na wengine mnaingia usiku huu. Nawashukuru kwa kuja kunisikiliza badala ya kwenda kulala.

Nimeombwa nizungumze juu ya daktari wa familia ambaye pia ni mwandishi. Nitaanza na mtoto mmoja.

Mwaka 1998 nilikuwa bado daktari mchanga katika zahanati ya mjini. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, foleni imefika barabarani. Akaingia mama mmoja na mtoto wa miezi tisa mgongoni. Nikamuuliza kama nilivyokuwa nikiwauliza wote: ana nini, na tangu lini? Akanijibu, "Daktari, analia, lakini sauti si yake." Nikauliza, homa ipo? Ipo. Anatapika? Jana mara moja. Nikaandika kwenye kadi: homa siku 2, kutapika mara 1, analia. Nikampa dawa ya malaria, maana siku zile kila homa tuliihesabu kuwa malaria, nikaita anayefuata. Siku ya pili usiku yule mtoto aliletwa hospitali ana degedege. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Alipona, lakini hakusikia tena.

Yule mama alikuwa amekwisha kuniambia ugonjwa. Vitabu vyetu vya magonjwa ya watoto vinasema wazi kwamba mtoto mchanga aliyeshikwa na ugonjwa ule hulia kilio chembamba, kikali, kisicho cha kawaida yake. Mama hakuwa amesoma vitabu hivyo. Alikuwa na maneno matatu, sauti si yake, na yalikuwa yametimia. Mimi ndiye niliyeyakata nikabakiza "analia".

Nilikaa na maneno hayo kwa miaka bila kumwambia mtu. Kisha mwenzangu mmoja aliyerudi kutoka masomoni akanipa kitabu cha hadithi za daktari Mmarekani aliyefariki hata kabla mimi sijazaliwa. Nilikisoma usiku mmoja, na kulipokucha nikanunua daftari. Basi jioni hii nataka niwape habari za huyo daktari, kwa sababu naamini alikuwa na jibu la lile lililonipata mimi.

Jina lake William Carlos Williams. Alizaliwa 17 Septemba 1883 katika mji mdogo wa Rutherford, jimbo la New Jersey, ng'ambo ya mto kutoka New York. Alifariki 4 Machi 1963 katika mji huohuo. Kati ya siku hizo mbili alizalisha watoto zaidi ya 2,000, akatibu wazazi wao na babu zao, na akaandika mashairi, hadithi fupi, riwaya, tamthilia na insha ambazo hadi leo zinafundishwa vyuoni. Alikuwa daktari wa familia kwa miaka 40 na zaidi, na hakuna kati ya kazi hizo mbili aliyoifanya nusunusu.

Nyumbani kwao palikuwa na lugha nyingi. Baba alikuwa Mwingereza aliyekulia visiwa vya Karibi, mama alitoka Mayagüez, Puerto Rico, na ujanani alikuwa amesomea uchoraji Paris. Wazazi wakizungumza Kihispania sebuleni, watoto wakitoka nje wanakuta Kiingereza cha mtaani. Mtoto aliyekulia hivyo anajua mapema kwamba jambo moja lina namna zaidi ya moja ya kusemwa, na kwamba kila namna inabeba kitu ambacho nyingine haikibebi. Wengi wenu mliokulia na lugha ya nyumbani, Kiswahili cha mtaani na Kiingereza cha darasani mnalijua hili bila kufundishwa.

Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akahitimu 1906. Hukohuko alikutana na Ezra Pound, kijana mshairi mwenye makeke, wakawa marafiki wa maisha na wagomvi wa maisha. Pound alihamia Ulaya 1908 na akaendelea kumhimiza mwenzake atoke kwenye kijimji kile aje London, aje Paris, kwani huko ndiko mambo yaliko. Williams alikwenda. Alikaa Leipzig, Ujerumani, kati ya 1909 na 1910 akijifunza magonjwa ya watoto, na mwaka 1924 alikwenda tena Ulaya kwa miezi kadhaa, akakaa na waandishi wa Paris waliokuwa wakitajwa dunia nzima. Mara zote mbili alirudi Rutherford kwa wagonjwa wake.

Kabla ya Leipzig kuna jambo moja dogo ambalo sitaki nilipite. Alipokuwa mtarajali kama nyinyi, katika hospitali moja ya watoto New York, aliletewa taarifa ya hesabu za wagonjwa aitie sahihi ili hospitali ipate fedha. Hesabu hazikulingana na vitabu. Akakataa kutia sahihi. Wakubwa wakamsihi, wakamtisha, akakataa, na mwishowe akajiuzulu. Alikuwa na umri wa miaka 25, hana fedha, na alikuwa akitupa njia ya ubingwa katika jiji kubwa. Ndipo akaishia kuwa daktari wa mji wa nyumbani. Namtazama mtu huyo na naona kwamba kutia sahihi lililo kweli tu ndiyo iliyokuwa tabia yake, kwenye fomu na kwenye shairi.

Mwaka 1910 alifungua kazi Rutherford. Mwaka 1912 alimwoa Florence Herman, ambaye kila mtu alimwita Flossie, na mwaka uliofuata wakahamia nyumba namba 9 Ridge Road. Chini palikuwa na chumba cha wagonjwa, juu familia. Hawakuhama tena. Simu ililia usiku, Flossie akaipokea, na asubuhi chakula kikakaa mezani kikisubiri mtu aliyekuwa bado anazalisha mtaa wa pili. Sijawahi kusoma habari za daktari mwandishi bila kujiuliza ni nani aliyekuwa akipokea hodi. Katika nyumba ile alikuwa mama huyo.

Wagonjwa wake hawakuwa watu wakubwa. Bonde la mto Passaic lilijaa viwanda. Paterson, mji wa jirani, uliitwa Mji wa Hariri kwa sababu ya viwanda vyake vya kufuma, na vibarua wake walitoka Italia, Polandi, Urusi na kwingineko, pamoja na Wamarekani weusi. Wengi walifika na mikono yao tu. Katika miaka ya 1930, uchumi wa Marekani ulipoanguka na viwanda kufungwa, wengi wao hawakuwa na cha kulipa. Aliendelea kwenda kwao, nyumba kwa nyumba, akipanda ngazi za mbao mpaka ghorofa ya juu ambako mama anajifungua na jikoni hakuna makaa.

Mwaka 1918 ilipokuja homa kuu ya mafua, ile iliyoua mamilioni duniani na kufika hata huku kwetu, madaktari wa mji ule walikuwa wakifikia nyumba 60 kwa siku moja. Hawakuwa na dawa hata moja ya kuizuia. Daktari mmoja kijana kati yao alifariki. Mliofanya kazi wakati wa Uviko mnajua maana ya kuingia nyumba ambayo huna cha kuipa, na bado unaingia.

Katika maisha hayo, aliandika saa ngapi? Hilo ndilo swali ambalo aliulizwa mpaka akachoka, nami huulizwa. Jibu lake lilikuwa la kawaida kabisa. Mashine ya kuchapa aliifunga kwenye ubao wa meza yake ya kazi, akivuta ubao mashine inanyanyuka, akisikia mgonjwa mlangoni anaisukuma chini. Dakika tano, dakika kumi, alisema, hupatikana siku zote. Akiwa garini bila mashine aliandika juu ya karatasi za kuandikia dawa. Ukiyatazama mashairi yake utaona mistari mifupi, maneno matatu, mawili, moja. Wapo wanaosema ufupi ule ulitokana na udogo wa karatasi. Mimi nadhani umetokana na kitu kingine, na ndicho nilichokuja kukisema.

Umetokana na kusikiliza. Watu hawasemi kwa sentensi za kitabuni. Mama mwenye uchungu anasema maneno mawili, anavuta pumzi, anasema moja. Mzee anayeona aibu kusema kwamba haja ndogo inamsumbua huzunguka, husimama, hurudi. Siku moja Williams aliulizwa lugha yake ameipata wapi, maana haikufanana na Kiingereza cha washairi wa Uingereza. Akajibu kwamba ameitoa vinywani mwa akina mama wa Kipolandi. Alisema kweli. Miaka yote ile waliosoma zaidi yake walikuwa wakitafuta lugha katika maktaba za Ulaya, na yeye alikuwa akiipata bure saa tisa usiku kwa watu ambao hata Kiingereza chao hakijakamilika.

Na hakuipata kwa sababu ya kipaji peke yake. Aliipata kwa kuwa alibaki. Daktari anayekaa mwaka mmoja anajua magonjwa ya mtaa. Daktari anayekaa miaka ishirini anajua sauti ya kila mtu ilivyokuwa alipokuwa mzima, kwa hiyo ikibadilika anajua. Wanangu, mnajua ninakoelekea. Sisemi msiende kusomea ubingwa, nchi inawahitaji mabingwa na wagonjwa wangu nawapeleka kwao. Nasema kwamba kubaki na watu walewale ni elimu kamili, ina kina chake, na anayeichagua hajashindwa maisha.

Sasa niwape hadithi yake moja, ile iliyonifanya ninunue daftari. Aliichapisha mara ya kwanza 1933. Ni ya kurasa chache. Daktari anaitwa kwenye nyumba ngeni kumwona msichana mdogo mwenye homa ya siku tatu. Shuleni kwa mtoto kumekuwa na dondakoo. Nyinyi wengi hamjaiona dondakoo kwa macho. Ni ugonjwa unaojenga utando mzito kooni mpaka mtoto anakosa njia ya hewa, na sumu yake hupiga moyo. Wakati ule iliua watoto wengi, na kuitibu kulitegemea kuigundua mapema. Lazima koo lionekane.

Mtoto hataki kufungua kinywa. Daktari anabembeleza. Mama naye anamtuliza mwanawe kwa kumwambia kwamba huyu ni daktari mzuri, hatakuumiza, na daktari anasaga meno, kwani neno "kuumiza" ndilo lililoharibu kila kitu. Mtoto anamrukia machoni, miwani inaruka. Baba anamshika, kisha anamwachia wakati daktari alikuwa karibu kufanikiwa, kwa huruma. Kijiti cha kubania ulimi mtoto anakitafuna mpaka kinavunjika, mdomo unatoka damu. Daktari anaomba kijiko. Na hapo anaandika jambo ambalo mimi sijapata kuliona katika maandishi ya daktari mwingine. Anasema kwamba alikuwa na hasira, kwamba alikwisha pita mpaka wa akili, na kwamba kumshinda yule mtoto kulimpa raha. Anakilazimisha kijiko. Utando upo, tonsili zote mbili zimefunikwa. Mtoto alikuwa ameificha siri ile siku tatu, akiwadanganya wazazi kwamba koo haliumi.

Tazameni alivyoachia hapo. Alikuwa sahihi kitabibu. Angeweza kuandika kisa cha daktari hodari aliyeokoa maisha, na wazazi wakashukuru. Badala yake akatuonyesha ubaya uliokuwa ndani ya tendo jema, wakati mkono wake ulipokuwa ukiokoa na moyo wake ukifurahia nguvu. Nani kati yetu hajamshika mtoto kwa sindano akiwa amechoka, akabana zaidi ya ilivyohitajika? Nani hajampandishia sauti mama anayejifungua? Tunaita kukaza kamba, tunaita kuokoa muda. Mambo hayo hayaingii kwenye faili la mgonjwa, kwani faili halina safu ya kuandika kwamba leo nilikuwa mkali kuliko ugonjwa. Yakikosa mahali pa kuandikwa yanabaki ndani yetu yakigeuka kuwa tabia. Williams aliyatafutia mahali.

Niseme na hili pembeni, maana siwezi kuitaja dondakoo nikanyamaza. Mnapomwona muuguzi wa kliniki ya watoto akichoma pajani chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, mnajua ndani ya chupa ile kuna kinga ya dondakoo. Msichana wa hadithi ile ndiye anayekingwa pale. Na humohumo, tangu 2009 hapa Tanzania, kuna kinga ya kimelea kimojawapo kilichokuwa kikileta homa ya uti wa mgongo kwa watoto wachanga. Mtoto wangu wa 1998 alizaliwa mapema mno. Kila nikiona kadi ya kliniki imejaa mihuri yote mitatu namkumbuka.

Hadithi yake nyingine ni ya mtoto Jean, aliyeletwa wodini akiwa amekonda, miguu mirefu, mama yake hana uwezo. Wauguzi wanampenda, anaanza kula, kisha homa inampanda na hakuna anayejua kwa nini. Wanamtafuta ugonjwa kila mahali. Anakufa. Katika uchunguzi wa maiti wanakuta usaha umetoka kwenye mfupa wa nyuma ya sikio ukaingia kichwani. Daktari wa masikio anasema wazi kwamba walimkosa, na kwamba anadhani wangepasua mapema wangemwokoa. Ni hadithi ya kosa, imeandikwa na mmoja wa waliokosa, bila kujitetea na bila kujipiga kifua. Mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba kosa huzungumzwa kwa sauti ya chini kwenye kikao cha vifo, likafungwa. Kumbe linaweza kuandikwa likafundisha watu ambao hawajazaliwa.

Lakini nisiwafiche, kuna mahali ambapo mimi na yeye tunaachana. Williams aliwaandika wagonjwa wake kwa karibu mno. Mwaka 1926 alichapisha hadithi katika gazeti moja akasahau kubadili majina halisi. Akashtakiwa, akalipa dola 5,000 kuimaliza kesi nje ya mahakama, fedha nyingi sana kwa daktari wa mtaani. Sikitiko langu haliko kwenye fedha. Mgonjwa anapokuvulia nguo na kukusimulia ya chumbani kwake, amekukabidhi amana. Haitoshi kubadili jina kama mtaa mzima utamjua kwa kilema chake, kwa idadi ya watoto wake, kwa duka lake la kona. Kwenye daftari langu ninayo mambo ambayo hayatachapishwa mpaka nife, na mengine nimewaagiza wanangu wayachome. Yule mama niliyewasimulia leo, nilimwendea nyumbani nikamwomba ruhusa, na alinipa. Ameniambia niyaseme maneno yake kama yalivyo.

Mwaka 1923 alichapisha kitabu ambacho karibu hakuna aliyekisoma wakati huo, takribani nakala 300 zilizopigwa chapa Ufaransa. Shairi la kwanza humo linaanza barabarani kuelekea hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, majira ya baridi yakiisha. Upepo baridi, tope, vichaka vikavu, na chini kabisa mimea inaanza kushika ardhi. Ni macho ya mtu anayekwenda kazini. Humohumo limo shairi lake linalojulikana kuliko yote, lenye maneno 16 tu, juu ya toroli jekundu la mkono lililolowa mvua, pembeni yake kuku weupe.

Kwa miaka mingi wasomi walibishana juu ya toroli lile maana yake nini. Mwenyewe alikuja kusema baadaye kwamba aliliona uani kwa mzee mmoja mweusi aitwaye Marshall, aliyewahi kuwa mvuvi na aliyemsimulia alivyokuwa akisimama kwenye barafu ya samaki bila kusikia baridi. Akasema alimpenda mzee yule, na mwanawe pia. Mwaka 2015 utafiti ulionyesha kwamba alikuwa Thaddeus Marshall, mchuuzi wa mtaani aliyekaa umbali mfupi kutoka Ridge Road, na kaburi lake, ambalo halikuwa na alama, likawekwa jiwe. Shairi linasema mengi sana yanategemea toroli lile. Ukijua kwamba lilikuwa la mzee anayelisukuma na mboga mtaani ili ale, mstari ule unaacha kuwa kitendawili. Daktari aliyeingia uani kwa watu alijua familia ile inategemea nini.

Miaka ya mwisho ilikuwa migumu. Mwaka 1948 moyo ulimshika. Mwaka 1951 akapata kiharusi, akawaacha wagonjwa mikononi mwa mwanawe William Eric, daktari naye. Mwaka 1952 kiharusi kingine, na wadhifa wa heshima aliokuwa ameteuliwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani ukazuiwa kwa tuhuma za siasa. Mwaka 1953 alilazwa wiki kadhaa kwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Nalitamka neno hilo taratibu, sonona, kwa sababu humu ukumbini wamo wanaoumwa nayo na wameificha kama yule msichana alivyolificha koo lake. Daktari aliyekuwa ameingia kila nyumba ya mji wake aliugua, akalazwa, akatibiwa, akatoka, na akaandika tena kwa miaka kadhaa. Tafadhalini, nendeni mkaonwe.

Alichapa kwa mkono mmoja, herufi moja baada ya nyingine. Macho yalikuwa yamepungua, ulimi mzito. Katika kipindi hicho alimwandikia Flossie shairi refu la kumwomba msamaha, maana hakuwa mume mwema siku zote, naye alilijua hilo na akalisema. Pia aliendelea kuwapokea vijana. Mmoja wao, Robert Coles, alipokuwa mwanafunzi wa udaktari alikuwa amewahi kupanda naye gari kwenda kwa wagonjwa, akitazama mzee anavyobisha hodi, anavyokaa, anavyonyamaza. Coles akawa daktari bingwa wa akili za watoto, na mwaka 1984 ndiye aliyekusanya hadithi za kitabibu za mwalimu wake katika kitabu kimoja. Ndicho kitabu nilichopewa mimi.

Mtaniuliza, basi wewe umeandika nini? Nimeandika visa vifupi, vingine vimetoka magazetini. Lakini lililobadilika zaidi ni kadi za wagonjwa wangu. Mstari wa kwanza wa kila kadi, kabla ya homa, kabla ya presha, naandika alilolisema mgonjwa kwa maneno yake, na naweka alama za kunukuu. Wauguzi nilionao wamezoea. Inachukua nusu dakika. "Tumbo linatembea." "Moyo unaanguka." "Nalala lakini usingizi hauniingii." Mwezi uliopita mzee mmoja aliniambia, "Mguu huu umeanza kuwa wa mtu mwingine," nikampima sukari siku ileile.

Yule mtoto wa miezi tisa sasa ni fundi cherehani, ana mke na binti wa miaka mitatu anayesikia vizuri. Mpaka leo mimi ndiye daktari wao. Zamani alikuja na mama yake na mama ndiye aliyesema. Siku hizi huja peke yake, huvuta kiti, huchukua kalamu yangu na kuandika shida yake kwenye kipande cha karatasi, kisha ananigeuzia nisome. Karatasi zote ninazo. Juzi alikuja na barua fupi ya mama yake, iliyosema kijana analalamika kichwa kizito. Aliisoma, akatikisa kichwa, akachukua kalamu akaandika chini yake: "Si kizito. Ni kama kofia inayobana, na inabana zaidi nikiwa na deni."

Nikafungua kadi yake, nikayaandika hayo kwenye mstari wa kwanza, yote, na alama za kunukuu.